Panya wa Bibi

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa baiolojia ametutaka kila mmoja achague kiumbe hai mmoja na kuandika shajara yake msimu wote wa mvua. Amesema tuandike tunachokiona, si tunachotamani kukiona. Nusu ya darasa imechagua kuku. Mwenzangu wa dawati amemchagua kaka yake, na mwalimu amejibu kwamba atakubali iwapo itathibitika kuwa huyo kaka huwa hai kabla ya saa nne asubuhi.

Mimi nimechagua panya.

Si panya wa jikoni. Shangazi yangu ni mtafiti, na panya wake wanaishi katika jengo la nyuma la taasisi, kwenye chumba chenye joto lisilobadilika, na wanakula kwa wakati kuliko mimi. Ninaishi kwake kwa sababu nyumba iko karibu na shule. Baba na mama wako kazini mbali. Hapa yupo pia Bibi, mama yao Shangazi na baba, aliyeletwa mwezi uliopita kwa matibabu. Ninalala naye chumba kimoja. Ananiita mke mwenzake, maana kwa utani wa bibi na mjukuu mimi ni mke mdogo wa marehemu babu. "Umekuja mzee ameshaondoka," huniambia. "Bahati yako. Alikuwa akikoroma."

Mawingu yapo tangu asubuhi. Mvua bado.

Jumanne, 4 Machi

Mvua bado. Bibi anasema mawingu haya ni kama wachumba waoga, wanajaa sebuleni na hawasemi kilichowaleta.

Jumamosi, 8 Machi

Leo Shangazi amenipeleka kuwaona panya wangu. Siruhusiwi kuingia chumbani mwao wala kuwagusa. Nimesimama nyuma ya kioo. Ni weusi, wadogo, wenye masikio membamba kiasi kwamba taa inapenya. Wanapewa karatasi laini na wanaichana wenyewe kutengeneza viota. Anayewatunza anaitwa Kimya, maana hutembea bila kusikika. Alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Mtoto, viatu vyako vinapiga kelele."

"Ni vipya, mzee."

"Siku nyingine njoo na vya zamani. Hawa wakishtuka, shangazi yako ananuna wiki nzima."

Shangazi amenieleza kazi yake na nimeielewa hivi. Mwilini mna kinga inayopigana na vijidudu. Wakati mwingine kinga hiyo hukosea adui na kuishambulia mishipa ya damu ya mwili wenyewe. Ukuta wa mshipa unavimba kwa ndani, njia ya damu inakuwa nyembamba, na kiungo kinachongojea damu ile kinakufa njaa.

Huo ndio ugonjwa wa Bibi. Kwake umeshika mishipa ya kichwa, hapa kwenye panja, kando ya jicho. Ulianza kwa maumivu ya kichwa. Kuchana nywele kukawa mateso, kisha taya zikawa zinachoka akitafuna. Daktari alimpa vidonge vyeupe vya kila asubuhi na akasema mbele yetu sote: mshipa unaolilisha jicho ukiziba, jicho linazimika, na likishazimika haliwaki tena. Kwa hiyo vidonge havirukwi hata siku moja.

Panya wao wanadungwa unga uliosagwa kutoka kwenye ganda la kuvu. Kinga yao inapandwa na hasira na kuishambulia mishipa iliyo karibu na moyo. Nikauliza, mbona Bibi hakudungwa kitu na anaumwa kichwa, si moyo?

"Hakuna panya anayeugua ugonjwa wa mama," Shangazi akasema. "Hawa wanaugua binamu yake."

"Sasa wana faida gani?"

"Ukimjua binamu, unajua kidogo tabia za ukoo. Kidogo." Alilitamka neno kidogo kama anayemtilia mgonjwa chumvi.

Panya wamegawanywa makundi matatu. Kundi moja linapewa dawa mpya anayoichunguza Shangazi. La pili linapewa dawa ya zamani, ile ile ya Bibi. La tatu linapewa maji ya sukari yasiyo na dawa yoyote, ili ijulikane wangekuwaje bila kutibiwa. Vizimba vina vibandiko vya rangi tu, na orodha ya rangi ipi ni nini imefungiwa kwa mkurugenzi. Kimya hajui. Shangazi mwenyewe hajui. "Nikijua," amesema, "macho yangu yataniletea ninachokitaka."

Jumapili, 9 Machi

Nimemweleza Bibi kila kitu. Alisikiliza vizuri kuliko darasa letu.

"Kwa hiyo wengine wanapewa maji ya sukari."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wenyewe hawajui."

"Panya hawajui."

"Na anayewapa?"

"Hajui. Na ladha lazima zifanane, la sivyo jaribio limeharibika."

"Na hao wa sukari wanakufa wote?"

"Hapana. Shangazi anasema wengine hupata nafuu wenyewe."

Bibi akakitazama kisahani cha vidonge vyake. Nadhani nina kipaji cha kueleza mambo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza. Soksi hazikauki.

Ijumaa, 14 Machi

Bibi ameniuliza, "Yule daktari wangu na shangazi yako wanafahamiana?"

"Walisoma pamoja."

"Ahaa," akasema.

Jumapili, 16 Machi

Tulikuwa tunachambua mchele. Bibi akasema, "Mke mwenzangu, nimegundua. Mimi ni panya wa sukari."

Nikamwambia hapana, yeye ni mgonjwa wa kawaida.

"Panya naye anajiona wa kawaida."

Nikamwambia vidonge vyake ni vichungu.

"Ulisema lazima vifanane. Mtu akitaka kunidanganya ataniwekea utamu? Hao wamesoma."

"Lakini kichwa kimepona."

"Na wa sukari wengine hupona. Ulisema wewe."

"Na hiyo njaa unayoisikia tangu uanze dawa?"

"Nasikia njaa kwa sababu anayepika ni shangazi yako."

Kila jibu nililokuwa nalo, nilikuwa nimeshamfundisha mwenyewe namna ya kulipinga. Nikaenda kumwambia Shangazi. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha wakati wa chakula akamfafanulia Bibi taratibu, kwa kutumia vijiko na kifuniko cha sufuria, kwamba hospitali si maabara na daktari hawezi kumpa mgonjwa dawa ya uongo.

"Nimekuelewa, mwanangu," Bibi akasema.

Shangazi akanigeukia. "Unaona? Ukimweleza mtu vizuri, anaelewa."

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Jaribio la hisabati. Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimtaje jirani yetu, maana siku hizi yupo kwetu kila asubuhi kabla sijaenda shule. Bibi anamwita Bi Magoti. Si tusi, ni muhtasari. Ukimsalimu anakujibu habari za goti la kulia, ukimuuliza za watoto anapita kwanza kwenye goti la kushoto. Kuvuka uchochoro kuja kwetu humchukua muda mrefu, na njiani huzungumza na ukuta anaouegemea. Anasema anakuja kumjulia hali Bibi. Mimi naweka vidonge kwenye kisahani kando ya uji, nawaaga, naondoka. Nikirudi kisahani ni kitupu.

Jumanne, 25 Machi

Paa la nyumba ya panya linavuja. Shangazi ameweka ndoo kwenye korido, na sasa analalamika kwamba matone yanalia kwenye ndoo na panya wanasikia. Kimya amefunika ndoo kwa taulo. Shangazi hali nyumbani, halali vizuri, hasikii ukimwita.

Ijumaa, 28 Machi

Jambo la ajabu. Bi Magoti amezibua mfereji wa uchochoro mzima peke yake, kwa jembe, huku akiimba.

Jumamosi, 29 Machi

Bi Magoti amepanda juu ya stuli kufuta utando wa buibui kwetu. Hakuombwa. Kisha alikula chakula chake, cha Bibi na kilichobaki kwenye sufuria. Nilimpongeza kwa afya yake. "Mvua inanipenda mwaka huu," akajibu, na Bibi akamtazama kwa makini sana, jinsi Shangazi anavyowatazama panya kupitia kioo.

Bibi hakumaliza chakula chake kwa sababu taya zimechoka. Siku hizi anafunga kitambaa kichwani tangu asubuhi. Nimetaka kumchana nywele kama kawaida yetu ya Jumamosi, akasema tuziache zipumzike.

Jumatatu, 31 Machi

Mwalimu amezikagua shajara. Kwangu ameandika kwa wino mwekundu: "Kuku wa wenzako wameshataga. Panya wako wako wapi? Naona bibi na jirani tu." Ni kweli. Jumamosi nitakwenda kwa panya.

Alhamisi, 3 Aprili

Uso wa Bi Magoti umekuwa duara kama sahani. Amemfokea muuza mkaa, akamwomba msamaha, akamkumbatia, yote kabla ya uji wangu kupoa.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nitaandika mengi. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilikwenda taasisini kwa viatu vya zamani. Nilisimama kwenye kioo nikaandika nilichokiona: vizimba vya kijani wamelala, vya bluu wanachana karatasi, vya njano wanakula. Vya njano walikula muda wote niliosimama pale.

"Hao wa njano," Kimya akaninong'oneza, "wanakula kama wageni wa harusi. Tazama walivyokuwa duara."

Nikasema moyoni, bila shaka hao ndio wanaopewa dawa ya zamani, dawa ya Bibi, maana daktari alituambia inaleta njaa na uso wa mviringo. Nikaanza kuandika "uso wa mviringo", na kalamu ikasimama. Nilikuwa nimeshaandika kitu hicho hicho wiki hii, na si kuhusu panya.

Nilikimbia. Nilisahau mwavuli. Nilipofika nyumbani Bibi alikuwa kitandani ameegemea mto, na Bi Magoti alikuwa amevuta kabati la nguo katikati ya chumba ili afagie nyuma yake.

"Bibi," nikasema, "vidonge vyako anavimeza nani?"

Bi Magoti akaacha kufagia. Bibi hakushtuka hata kidogo.

"Kaa chini, unalowesha sakafu. Nilitaka kujua kama ni dawa au ni sukari. Nyinyi wasomi mna panya wenu. Mimi nikamchukua huyu."

"Kunichukua kivipi?" Bi Magoti akauliza. "Si ulisema ni vidonge vya magoti?"

"Nilisema tuone kama ni vidonge vya chochote."

"Kwa hiyo mimi ni panya?"

"Usinune, umefanya kazi nzuri sana. Mtu aliyekuwa anaegemea ukuta leo anasukuma kabati. Ni dawa, mke mwenzangu, dawa kamili. Nimeridhika."

Nikamuuliza, basi ameanza kuvimeza mwenyewe?

"Nitaanza Jumatatu. Jambo jipya huanzwa Jumatatu." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba glasi ya maji, "Hebu fungua pazia la upande huo, giza limezidi."

Pazia lilikuwa wazi. Nilimwambia. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, kisha la kushoto, kisha la kulia tena, polepole, kama mtu anayerudia hesabu kwa kuwa jibu halikumpendeza.

"La kushoto," akasema. "Kama kuna mtu amelivuta shuka kutoka chini."

Nikampigia Shangazi simu, akasema maneno mawili tu: hospitali, sasa. Nje mtaa ulikuwa mto. Maji yalinifika magotini, na gari haliwezi kuingia uchochoroni kwetu hata kiangazi. Nilisimama mlangoni nikiwa sijui nianzie wapi. Bi Magoti akanipita, akachuchumaa mbele ya Bibi, mtu ambaye mwezi uliopita hakuweza kuchuchumaa kuokota sarafu.

"Panda."

"Wewe? Na magoti yako?"

"Magoti yangu yamenyamaza tangu uanze kuyalisha. Panda, tutagombana njiani."

Tukaenda hivyo. Bi Magoti mbele na Bibi mgongoni, Bibi ameshika mwavuli, na mimi nyuma na mfuko wa dawa. Mwavuli ulikuwa unamziba Bi Magoti macho.

"Niambie basi, kushoto kuna shimo?"

"Usiniulize ya kushoto, kwangu kushoto kumefungwa. Niulize ya kulia."

"Kulia kuna nini?"

"Muuza mkaa. Anatushangaa."

Sikujua kama nicheke au nilie, na nilifanya vyote, lakini mvua ilikuwa kubwa na hakuna aliyejua. Barabarani tulipata lori la mchanga. Dereva alimwona Bibi juu ya mgongo wa mtu, akafungua mlango bila kuuliza swali.

Hospitali walimtundikia Bibi dripu ya dawa ile ile kwa wingi mara nyingi zaidi. Shangazi alifika akiwa amelowa, koti lake la maabara amelivaa ndani nje. Nikamweleza yote. Alisikiliza, kisha akamgeukia Bibi.

"Mama, umefanya nini?"

"Jaribio."

"Jaribio." Shangazi alivuta pumzi. "Mtu mmoja, mama? Mmoja? Tena mwenye magoti, si mwenye mishipa, yaani hata ugonjwa si ule. Yeye anajua anameza, wewe unajua unampa. Na hukuweka wa kulinganisha naye. Wa kulinganisha yuko wapi?"

Bibi aliinua mkono usio na sindano, akajionyesha kwa kidole.

"Wa kulinganisha ni mimi."

Daktari alijifanya anasoma chupa ya dripu. Shangazi akaenda dirishani akatugeuzia mgongo, na mgongoni niliona mishono yote ya koti lake iko nje, na mabega yanaruka. Siku zote nimemdhania kuwa mtu mkali. Leo nimegundua kwamba akiogopa, anasahihisha.

Jumapili, 6 Aprili

Daktari amemwambia Bibi ukweli wote. Kilichozimika huenda kisirudi. Kinachopiganiwa sasa ni sehemu iliyobaki ya jicho la kushoto, na jicho la kulia zima.

Bibi akamuuliza moja kwa moja kama alikuwa amewekwa kwenye jaribio.

"Bibi, hakuna mtu anayewekwa kwenye jaribio bila kuambiwa, akaelewa, akakubali. Panya hawaulizwi. Wewe ungeulizwa."

"Mbona hukuniambia hivyo tangu mwanzo?"

"Sikujua kama una mtafiti nyumbani."

"Ninao wawili," Bibi akasema, akanitazama kwa jicho la kulia. Nilitamani kujificha chini ya kitanda. Nilimwambia samahani, kwamba nilieleza nusu na kujisifu kwa kitu kizima. Akasema, "Hata mimi nilisikia nusu. Tukiziunganisha ndiyo tumefika hapa. Nimenyee hilo chungwa."

Jumatatu, 7 Aprili

Bi Magoti naye amepimwa. Daktari amemkataza kuacha vidonge ghafla, maana mwili wake umeshavizoea. Atapunguza kidogo kidogo chini ya uangalizi. Ameuliza kama kuna uwezekano wa kusahau kupunguza. Hakuna.

Ijumaa, 11 Aprili

Bibi amerudi nyumbani. Asubuhi nzima ameketi huku akifumba jicho hili na kufumbua lile. Vidonge anavimeza mbele yangu na kunionyesha ulimi, bila kuombwa, kama askari kwenye gwaride. Jicho la kulia ni zima. Kila asubuhi kabla ya shule namshikia gazeti, na kila asubuhi naogopa mpaka asome mstari wa kwanza. Leo alisoma tangazo la jeneza kwa sauti kubwa, akasema bei imepanda, bora aendelee kuishi.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua ya mawe. Bi Magoti ameketi wakati wa kusalimiana. Goti la kulia limerudi.

Jumanne, 22 Aprili

Mtihani. Sitaki kuuzungumzia.

Jumamosi, 3 Mei

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya panya. Shangazi alikuwa ameniambia mapema: mishipa iliyo karibu na moyo haiwezi kutazamwa panya akiwa hai. Lazima walazwe usingizi wasiamke, kisha mishipa ikatwe vipande vyembamba kuliko karatasi, vitiwe rangi, vitazamwe kwa darubini. Nilimwuliza kama hakuna njia nyingine. Akasema inatafutwa, na kwamba anayeifanya kazi hii bila kulitafakari swali hilo aende akauze matofali.

Sikuingia. Nilikaa koridoni, penye ndoo na taulo lake. Kimya alivua kofia kabla ya kuingia, na alipotoka aliishika mkononi mpaka getini.

Nilimsimulia Bibi. Akasema, "Mimi nilijaribiwa nikarudi nyumbani kula machungwa. Wao hawarudi." Baadaye akataka kujua kama walikuwa na watoto. Nilimwambia hawakuwa nao, madume na majike wanatengwa. "Hata hilo," akasema.

Jumatano, 14 Mei

Orodha ya rangi imefunguliwa. Dawa mpya ilikuwa ya vizimba vya kijani. Imepunguza uvimbe kwenye baadhi ya mishipa, si yote, na si zaidi ya dawa ya zamani. Ila panya wake hawakunenepa. Nilidhani Shangazi atasikitika. Amekuwa akitembea nyumbani na kutabasamu peke yake kama mtu aliyepata barua ya mchumba. Anasema dawa inayotuliza mishipa bila kuharibu mengine ni mlango, hata kama umefunguka upana wa unywele, na kwamba itachukua miaka kabla haijamfikia mtu kama mama yake, na huenda isimfikie kamwe.

Nikamwuliza kuhusu vizimba vya njano, wale waliokuwa wanakula, walioniwezesha kumgundua Bi Magoti.

"Njano? Hao walikuwa wa maji ya sukari."

Nikasema haiwezekani. Walikuwa duara.

"Vizimba vyao vilikuwa mbali na pale panapovuja, hawakushtuliwa na chochote, wakala. Nawe ulishaamua cha kuona." Akacheka, akanivuta sikio kidogo. "Umepata jibu sahihi kwa njia mbovu kabisa. Usizoee."

Nimelifikiria jambo hili siku nzima. Kama ningekuwa makini, ningesimama pale kwenye kioo mpaka jioni, na Bibi angesubiri Jumatatu.

Ijumaa, 16 Mei

Bibi amepimwa macho. La kulia halina kasoro. La kushoto limebaki na nusu ya juu. Akiwa amefunika la kulia, amemwambia daktari, "Uso wako nauona, viatu vyako sivioni." Daktari akasema nusu hiyo ndiyo itakayobaki, ya chini hatuwezi kuirudisha, na tusipocheza na vidonge hatutapoteza zaidi. Shangazi aliuliza maswali mengi kuhusu namna walivyopima. Nikamshika mkono, akanyamaza.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imekatika. Matope yanaanza kukauka kingoni.

Bibi haoni vizuri kilicho chini upande wa kushoto, ngazi, mashimo, paka. Akitoka nje lazima mtu awe upande huo. Jana alijaribu Shangazi, lakini Shangazi alikuwa anatangaza kila kitu pamoja na urefu wake na upana wake, na kabla hawajafika dukani Bibi alimfukuza kazi. Bi Magoti hawezi, amerudi kwenye ukuta wake, ingawa anasema alipokuwa panya aliona raha ya dunia. Basi nimechaguliwa mimi. Bibi anasema ni kwa sababu nina mdomo.

Leo jioni tulitoka wawili, mimi kushoto. Nilimtajia jiwe. Nilimtajia kiatu cha mtoto kilichotupwa. Kisha mbele yetu kukawa na dimbwi, pana, la rangi ya chai, nami nikataka asiogope.

"Kuna dimbwi, Bibi. Dogo."

Akasimama.

"Dogo kiasi gani?"

Nikalitazama dimbwi tena.

"Mke mwenzangu," akasema, "usinipunguzie."

"Ni kubwa," nikasema. "Linaanza ukutani linafika kwenye nguzo. Katikati kuna tofali, lakini linacheza."

"Haya, sasa tunaongea." Akanishika bega, akapandisha gauni kwa mkono wa pili. "Niambie tofali liko wapi."

Nikamwambia. Akainua mguu.